Lile faili la helpers.php

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Mnalijua lile faili, projekti nyingi za Laravel, ile fremuweki ya PHP ya kujenga tovuti, zinalo, linaanza na helpa moja tu, fanksheni ndogo ya kupanga tarehe, kesho mtu anaongeza ya kufupisha maandishi, mwingine anatupia ya kutuma SMS, mwisho wa siku hakuna anayethubutu kuligusa.

Urefu sio kesi bana, urefu tutasoma. Kesi ni majina. Fanksheni ya mle haina ukoo, yaani haiko ndani ya klasi wala namespace, so ukiandika format_date na kuna paketi nayo ina format_date, PHP inagoma hapohapo, jina halitangazwi mara mbili. Ndo maana watu wanazizungushia function_exists, yaani itangaze tu kama jina halijatumika, na mimi hiyo siipendi, eroo imenyamaza sawa ila iliyotangulia kupakiwa ndo imeshika, sasa ni yako au ya wale wengine? Na msiwacheke, Rails, fremuweki ya Ruby, nao wana ya kwao: ukiacha mipangilio ilivyo, helpa zote za app/helpers zinaingia kwenye kila templeti, yaani faili la kuchora ukurasa, hata ugawe mafaili kumi, mbili zikigongana jina moja inaifunika nyingine kimyakimya. Umehangaika kugawa na bado vyote viko chungu kimoja! Django, ya Python, hapo wako poa, usipoandika load juu ya templeti kwa kawaida helpa zako huzipati.

Laravel wenyewe walishtuka. 2019, toleo la 5.8, zile za str_ na array_ wakasema zinaondoka, 6.0 wakazitoa kweli wakazipeleka paketi ya pembeni, siku hizi unaita Str::slug, Arr::get. Wamezipa ukoo tu. Basi na wewe tengeneza klasi ya Tarehe, klasi ya Pesa, ila tafadhali usiite Utils, hiyo ni helpers.php imevaa koti.

Na ile ya SMS? Ile sio helpa jamani. Helpa unaipa kitu inakurudishia kitu, basi, ikishaanza kugusa databesi au kuita mfumo wa nje ihamishe ikakae na wenzake wa servisi, vinginevyo kuitesti utalia.

Swali… ndio dada. Hapana, sio uzifute zote, mbili tatu za kwenye templeti ziache wazi, faili lake liandike kwenye composer.json, faili la mipangilio ya Composer, ile zana ya paketi za PHP, kwenye autoload, sehemu ya files, ili lipakiwe lenyewe, halafu usisahau composer dump-autoload, mimi nilishawahi kukaa saa nzima naambiwa fanksheni haipo na naiona kwa macho yangu.