Anzeni na Tairi la Mbele

(Mazungumzo na madereva wa bodaboda wa Kihonda, Morogoro, mwishoni mwa Februari)

Mwenyekiti, asante. Wazee mliopo, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Mada niliyopewa ni kuchagua tairi la bei nafuu. Nimeitwa vijiwe vingi kwa mada hii, na kila nikifika swali la kwanza ni lile lile: fundi, tairi gani rahisi? Mnataka nitaje kampuni na bei, kisha muondoke mkawahi abiria. Sitataja. Nitawaambia jambo moja, na waliokwisha kunisikia Msamvu na Mazimbu wanivumilie, maana nitalirudia mpaka nione mabadiliko. Hela yenu haimalizwi na tairi la nyuma mnalonunua kila baada ya miezi miwili. Inamalizwa na lile la mbele ambalo hamlinunui.

Msicheke, subirini. Kabla sijaingia nimepita kwenye pikipiki zenu pale nje. Nimehesabu 11. Saba zina tairi jipya nyuma, na mbele kipara. Moja, mwenyewe anajijua, mbele kuna tairi lililotolewa nyuma baada ya kuchoka, likahamishiwa mbele "limalizikie huko". Limalizikie huko! Ukilihamishia mbele umelipeleka mahali penye kazi ya hatari kuliko zote.

Ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele. Wenyewe mnaujua: abiria anakuja mgongoni, shokapu za mbele zinazama. Nyuma kunabaki kwepesi. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuisimamisha pikipiki inafanywa na tairi la mbele. Hilo halitegemei dereva wala pikipiki, Boxer ni hivyo, TVS ni hivyo, na ya Kichina ni hivyo.

Sasa kijana ana kipara mbele. Siku moja kuna maji, au mchanga umemwagika kwenye lami, anashika breki ya mbele, inateleza, yuko chini. Anarudi kijiweni na plasta mkononi, anawaambia wenzake: breki ya mbele inapindua, usiiguse. Na wenzake wanaamini, kwa sababu wameona plasta. Wapo waliofika gereji kwangu wakisema, fundi, kata hii kebo ya breki ya mbele, inanitisha. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Breki haikumpindua. Aliangushwa na mpira usio na mshiko.

Baada ya hapo anabaki na breki ya mguu, ile ya nyuma, peke yake. Kila tuta, mguu. Kila kona, mguu. Abiria akisema "shusha hapo kwenye mwembe", mguu, gurudumu la nyuma linajifunga na tairi linaburuzwa kwenye lami kama nazi kwenye mbuzi. Ile alama nyeusi mnayoiacha barabarani ni mpira mlioutolea hela dukani. Wiki saba, nane, la nyuma kwisha, mnakuja kunilalamikia kwamba tairi za siku hizi hazidumu.

Kuna mtu anataka kusema, namwona: fundi, la nyuma linaisha kwa sababu ndilo linalovuta na ndilo linalobeba abiria. Kweli, sibishi. La nyuma litatangulia kuisha hata ukiendesha kwa adabu kiasi gani. Lakini nimehudumia pikipiki mbili za aina moja, za bosi mmoja, kijiwe kimoja. Dereva mmoja anatumia breki zote mbili na tairi lake la mbele ni zima. Mwingine ni wa mguu. Wa mguu alibadilisha tairi la nyuma mara mbili kabla mwenzake hajabadilisha mara moja. Abiria ni wale wale, barabara ni ile ile.

Na kwa nini nalishikilia hili kuliko mengine? Niwaeleze, hata kama mwenyekiti ataangalia saa.

Mwaka 2021 nilikuwa bado naendesha asubuhi na jioni, mchana niko gereji. Tairi langu la mbele lilikuwa limekwisha, nikaingia duka moja, nikaona tairi limening'inia nje pale mlangoni. Kashata, yale meno ya tairi, nzito, nyeusi, linang'aa. Bei ilikuwa chini sana kuliko nilivyozoea. Nikamwambia muuzaji funga. Fundi mzima, sikulikagua. Nililitazama kashata tu kama mnavyotazama nyinyi.

Kiangazi kizima hapakuwa na tatizo. Mvua ya kwanza ya masika ikanikuta naingia mjini kutoka upande wa Mindu, nimembeba mama mmoja na ndoo yake ya nyanya. Mvua ya kwanza mnaijua. Vumbi, oili na dizeli ya malori vya miezi yote mitatu vinalowa kwa pamoja, lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Lori likasimama mbele yangu. Nikashika breki zote mbili, polepole, kama ninavyowafundisha. Tairi la mbele halikushika hata kidogo. Lilikwenda pembeni kama lilikuwa linasubiri. Nilivunjika mtulinga. Yule mama alivunjika mkono wa kulia, na ndiye aliyekuwa akiuza sokoni na kulea wajukuu wawili. Nilikwenda kumwona nyumbani mara nyingi. Hakunisema neno baya hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko mfupa.

Nilipopona nililitoa tairi nikaliweka juani. Kashata zilikuwa bado ndefu! Lakini kwenye mashina ya kashata kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino wakati wa kipupwe. Nikabonyeza na ukucha, mpira haukuingia, ulikuwa mgumu kama soli ya buti. Nikatafuta tarakimu nne pembeni. Zilisema 3314. Wiki ya 33, mwaka 2014. Nilinunua "tairi jipya" lenye umri wa karibu miaka saba.

Naomba kila mmoja ashike hapa. Pembeni mwa tairi tafuta herufi DOT, fuata mstari hadi mwisho, utakuta tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kiduara kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024, mwanzoni mwa Aprili. Upande huu hamna, geuza upande wa pili. Pande zote hamna, rudisha, nenda duka jingine. Muuzaji akikuambia hizo ni namba za kiwandani tu, mwambie ndiyo, ndizo ninazozitaka.

Mpira unazeeka hata kama haujakanyaga barabara. Jua, joto na hewa vinaukausha. Ndiyo maana tairi lililoning'inizwa mlangoni kama tangazo silichukui hata kwa punguzo. Mwambie akuletee la ndani. Kwa tairi la mbele mimi sivuki miaka mitatu tangu lilipotengenezwa, na sababu ni ile ile: la mbele linaisha polepole, utakaa nalo muda mrefu. Ukilinunua zee, utalipanda likiwa zee zaidi. La nyuma utalimaliza kabla halijazeeka, kwa hiyo hapo naweza kulegeza kidogo. La mbele silegezi.

Sasa kashata kubwa. Hii nayo imetushika. Dereva anatoka Msamvu anakwenda Kihonda, lami tupu, miguuni ana tairi la shamba, kashata zimeachana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Anasema zinadumu. Mpira unaogusa lami pale ni mdogo, vile vipande tu. Kila ukifunga breki vinajipinda, vinakatika pembeni, na vinaisha upesi kuliko tairi la lami lenye mistari myembamba. Na kwenye kona ya lami yenye maji umesimama juu ya vidole.

Ndugu zangu mnaopanda Matombo na Kinole, najua mnachotaka kuniambia. Tope la kule silidharau, nimeisukuma sana pikipiki humo. Ninyi chukueni tairi la mchanganyiko, lenye mstari unaoendelea katikati na kashata pembeni. Kama maisha yako yote ni tope, basi kashata kubwa ni haki yako. Lakini mkazi wa Kihonda asinunue tairi la Matombo kwa sababu limempendeza.

Haya, hesabu, maana mmesema bei nafuu. Nachukua mfano tu, bei ukaulize mwenyewe. Tairi moja ni shilingi 45,000 na linakwenda kilomita 6,000. Jingine ni 70,000, linakwenda kilomita 14,000. Dereva anazunguka kilomita 100 kwa siku. La kwanza linakula shilingi 750 kila siku. La pili linakula 500. Rahisi ni lipi? Mtasema kilomita hizo nimezitoa wapi. Ni za mfano, na ndiyo maana nataka upime za kwako. Siku unayofunga tairi, andika namba ya kilomita kwa rangi ndani ya madigadi. Siku unayolitoa, toa hesabu, gawanya bei. Baada ya matairi mawili hutanihitaji mimi kukuambia kampuni gani nzuri. Utakuwa na jibu la barabara zako na abiria zako. Lakini kilomita zako hazisomi, kebo ya spidi imekatika tangu mwaka juzi! Kebo ile ni hela ndogo. Fungeni.

Na sitaki mtu aniambie fundi wewe una hela. Naijua hesabu ya bosi. Unaamka unadaiwa, jioni unampelekea bosi ya kwake, kinachobaki ni mafuta na chakula cha watoto, 70,000 kwa mkupuo haipo. Ndiyo maana nawaambia 500 kwa siku. Mna mchezo hapa kijiweni, mnachangia misiba na harusi, na mnafanya vizuri. Anzisheni mchezo wa tairi. Kila siku 500, zikitimia hela ya tairi anapewa mwenye kipara kuliko wenzake, na wa kwanza kupewa anunue la mbele.

Mwenyekiti ananionyesha mkono. Nakimbia.

Tairi la kuchongwa: hapana. Wanachukua kipara, wanachoma mistari kwa kisu cha moto, linaonekana jipya. Chini ya mpira ule zimebaki milimita chache ukutane na nyuzi. Kila mstari uliochongwa umepunguza hizo chache. Nikimkuta mtu anamwuzia kijana wangu tairi hilo tutagombana hadharani.

Saizi: fuata iliyotoka na pikipiki. Nyingi zenu ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, inchi za upana kisha inchi za ringi. Zipo za 18, soma kabla ya kwenda dukani. Kuweka pana nyuma ili ipendeze, linasugua mnyororo na kona inakuwa nzito.

Mzigo: baada ya namba za saizi kuna kama 50P. Hamsini maana yake kilo 190, P ni mwendo wa mwisho, kilomita 150 kwa saa. Pikipiki kilo 110, wewe 65, mshikaki wa abiria wawili 140: jumla 315. Kadiria theluthi mbili ziko nyuma, ni kilo 210. Umelipita tairi, na hapo bado hatujaweka begi la mwanafunzi. Hakuna tairi la bei yoyote litakalodumu chini ya mshikaki.

Upepo: soma kibandiko cha pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi za Bajaj ni PSI 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Fundi pancha anayepiga tairi teke na kusema tayari, usimkubalie. Kijiwe kizima nunueni geji moja, pimeni asubuhi tairi likiwa la baridi.

Tyubu mpya kwa tairi jipya, hasa mbele. Yenye viraka vitano ibaki ya akiba. Na tairi jipya linateleza siku mbili tatu za kwanza, lina utelezi wa kiwandani, nendeni taratibu mpaka uso wake ukwaruzike.

Maswali nitayajibu tukiwa nje. Masika yako wiki mbili tatu mbele yetu na mimi sitaki kumtembelea mama mwingine. Kijana wangu yule ana chaki. Zisogezeni zote 11 pale chini ya mwarobaini, tunazisoma moja moja, tarakimu nne za mbele zinaandikwa kwenye tangi kila mtu aone. Tuanze na wewe uliyehamisha la nyuma. Ilete.