Mkulima Aliyeongoza Seneti ya Montana

Wakubwa zangu huko nyumbani shikamooni, wenzangu habari za siku. Leo nawaletea Jon Tester, mkulima wa Big Sandy, kimji kidogo kaskazini mwa jimbo la Montana, Marekani. Habari za Washington mnazipata kila siku, lakini mabunge ya majimbo hayasemwi, na huko ndiko mkulima hupata pa kuanzia.

Tazameni picha yake, mkono wa kushoto. Vidole vitatu vya katikati havipo. Vilikatwa na mashine ya kusagia nyama akiwa na miaka 9. Shamba ni lile lile walilolianzisha babu na bibi yake, naye analilima ngano, shayiri na dengu bila mbolea ya dukani. Kwanza alikuwa mwalimu wa muziki, kisha akaingia bodi ya shule ya pale pale kwao.

Mwaka 1997 bunge la Montana liliondoa udhibiti wa bei ya umeme. Hakukubaliana nalo. Mwaka 1998 akagombea Seneti ya jimbo, moja ya mabaraza mawili ya bunge hilo, akashinda. Akapanda hadi kuongoza maseneta wa upande wa wachache, na mwaka 2005, chama chake cha Democrats kiliposhika wingi, akawa rais wa Seneti hiyo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya niwashe kamera. Bunge la Montana hukaa siku 90 za kazi tu, mara moja kila miaka miwili, kuanzia Januari. Januari kule theluji imetanda na ardhi imeganda, hata ukitaka kulima huwezi. Kikao kinakwisha karibu na mwisho wa Aprili, mkulima anawahi kupanda. Siku 90 ni chache, nakubali, miswada hupitishwa mbio mbio. Lakini kalenda hiyo haimlazimishi mtu achague kati ya kiti na shamba. Kwetu Bunge la bajeti liko Dodoma Aprili hadi Juni, na kuanzia Mei Nyanda za Juu Kusini watu wanavuna mahindi. Mkulima mdogo wa Mbozi amwachie nani shamba?

Tester alikwenda Seneti ya taifa kwa uchaguzi wa 2006, akishinda kwa kura zisizofika 4,000. Akakaa mihula mitatu huku akirudi kulima, mpaka aliposhindwa mwaka 2024.

Mlioko Mbozi, Njombe na Sumbawanga, niandikieni hapo chini: diwani wenu bado analima mwenyewe?