Jiwe Linalokunywa Chumvi

KITSAO: Karibuni tena barazani. Leo tuliwaahidi mambo matano ya kukagua kabla hujamlipa fundi wa kopingi, yale mawe ya ukingo wa puli, bwawa la kuogelea. Ila dada Mwanaisha kaja na kikapu, na ndani mna chupa ya siki na jiwe.

MWANAISHA: Jumapili mpwa wangu alikuwa anatoka majini, pale kwetu Shanzu. Akaegemea ukingo ajiinue, na jiwe likabanduka kama ganda la kitunguu, likamchana kiganja. Mtoto wa miaka saba, kaka! Nikapapasa yale mengine, mkono ukarudi na unga mweupe. Na yaliyooza ni ya upande wa ngazi tu, wanakopita watoto wakichuruzika maji. Upande wa mpapai ni mazima.

KITSAO: Pole yake. Ni mawe ya Mazeras hayo?

MWANAISHA: Sakafu ni Mazeras, nayo imeanza kubanduka. Kopingi ni matumbawe ya kuchonga. Sasa tazama. Hili ni tumbawe. Natia tone la siki...

KITSAO: Linachemka! Wasikilizaji, linatoa povu, nalisikia mpaka hapa.

MWANAISHA: Kwa sababu ni chokaa hilo. Asidi yoyote hulila. Kipande cha Mazeras nilikitilia tone hilohilo, kikanyamaza, maana ule ni mchanga ulioshikana. Basi tangu Jumapili napita na chupa yangu. Kizingiti cha msala: povu. Jiwe la kusagia la bibi: kimya.

KITSAO: Na ile meza ya marumaru ya mama mkwe?

MWANAISHA: Povu. Na doa limebaki, halina mng'aro tena. Nimeshamwomba radhi, na nitamlipia fundi aing'arishe.

KITSAO: Mamangu kule Rabai kasikia habari zako, anataka umpimie mafiga.

MWANAISHA: Nitakwenda, wallahi. Kwa sababu siki ndiyo iliyonifungua macho. Kijana anayetuhudumia puli, akitaka kushusha pH, kile kipimo cha asidi majini, humimina asidi palepale penye ngazi. Haizimui kwenye ndoo ya maji, haendi upande wa kina kirefu, wala haiwashi pampu kwanza. Matone yanaangukia jiwe la chokaa.

KITSAO: Hapo nakubali. Lakini Mazeras yako nayo imebanduka, na siki haiigusi. Ile ni chumvi. Mwaka jana si ulifunga mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi?

MWANAISHA: Nilifunga. Lakini maji yake yana gramu 3 au 4 kwa lita. Bahari ina kama 35, na matumbawe huzaliwa humo humo.

KITSAO: Baharini jiwe halikauki, dada. Ukingoni linalowa, linapigwa jua, linakauka, linalowa tena, mara ngapi kwa siku? Maji yanaondoka, chumvi inabaki kwenye vitundu, inaganda, inavimba, inalisukuma ganda kutoka ndani. Kukauka ndiko kunakoliua.

MWANAISHA: Basi ndiyo maana nataka kuyapaka yote dawa ya kuziba vitundu. Wiki ijayo.

KITSAO: Usipake! Unyevu unapanda pia kutoka chini, kwenye saruji. Ukiziba juu, chumvi itagandia chini ya ile ngozi, na jiwe litabanduka vipande vinene kuliko hicho kilichomkata mtoto. Fort Jesus imejengwa kwa matumbawe tangu 1593, nani aliipaka dawa?

MWANAISHA: Fort Jesus hairukiwi na watoto kutoka kwenye puli! Na iko dawa inayozama ndani bila kuacha ngozi juu, jiwe linaendelea kupumua.

KITSAO: Nimeiona ikipakwa Nyali, kwenye mawe mabichi ambayo hayajakauka. Hazikupita mvua mbili, yakabanduka.

MWANAISHA: Hilo kosa la mpakaji, si la dawa.

KITSAO: Jiwe liachwe wazi, lisuuzwe kwa maji matamu kila jioni, lililokufa ling'olewe.

MWANAISHA: Na shida hii ya maji ya mfereji Mombasa? Nisuuze mawe kila jioni? Hapana, kaka. Napaka.

KITSAO: Mimi nisingepaka.

MWANAISHA: Najua. Napaka.

KITSAO: Haya. Tumebakiwa na dakika moja, na katika yale matano hatujagusa hata moja.

MWANAISHA: Sema lile la mpira angalau.

KITSAO: Kati ya kopingi na sakafu, fundi asijaze saruji. Aache mwanya, autie silikoni, ule mpira laini, kwa sababu puli na sakafu kila kimoja kinacheza kivyake. Akiufunga kwa saruji, kopingi... wananionyesha mkono, muda umekwisha. Dada, unafanya nini hapo dirishani?

MWANAISHA: Napima kizingiti cha studio.

KITSAO: Na?

MWANAISHA: Povu.