Kutoa RNA ndogo kwenye punje changa za mpunga bila kuzipoteza njiani

Karibuni tena maabara. Leo tunatoa RNA ndogo, zile za nyukleotidi 20 hadi 24, kwenye punje ya mpunga iliyo katika hatua ya maziwa, yaani ndani yake bado ni majimaji meupe. Hizi ndizo zinazotawala mengi katika ukuaji wa punje. Mojawapo, miR397, hubana jeni la OsLAC, na utafiti wa 2013 ulionyesha kwamba ikizidishwa, punje huwa kubwa na suke hutoa matawi zaidi. miR396 nayo hukata ujumbe (mRNA) wa jeni la GRF4. Pale isipoweza kuukata, punje hunenepa.

Tuanze na punje. Suke la mpunga halichanui siku moja. Maua ya juu hutangulia. Kwa hiyo tia alama maua ya juu tu, siku yanapofunguka, kisha chuma siku ya 5, ya 10 na ya 15. Ukichanganya ya juu na ya chini, "siku ya 10" yako ni siku nne tofauti. Menya ganda, tumbukiza kwenye naitrojeni ya kimiminika hapo hapo.

Saga kwenye kinu kilichopozwa. Hili mnalijua, tusonge.

Pima miligramu 100 za unga, tia mikrolita 500 za bafa: Tris milimola 100 ya pH 8, NaCl milimola 150, EDTA milimola 50, SDS (sabuni inayopasua seli) asilimia 1.5, na beta-merkaptoethanoli asilimia 1 inayowekwa mwishoni, ndani ya kabati la kuvuta hewa yenye sumu. Bafa iwe ya joto la chumba. Ukiipasha nyuzi 65 kama unavyofanya kwa majani, wanga unaiva na unabaki na uji kwenye tyubu. Punje ya siku ya 15 haisamehe hapa. Ukiiweka kwenye barafu, SDS inaganda.

Ongeza mikrolita 500 za fenoli na klorofomu, tikisa, zungusha kwa 12,000 g, nyuzi 4, dakika 10. Sasa tazameni kamera: ule utando mweupe katikati ni wanga na protini. Ncha ya pipeti isiuguse. Hapa umepanda kidogo... narudisha kwenye sentrifuji dakika 5. Afadhali uache mikrolita 100 za maji ya juu kuliko kuvuta utando. Rudia na klorofomu peke yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Usitumie lithiamu kloridi. Narudia, usitumie: kwa mola 2 huangusha RNA kubwa, na zile ndogo hubaki kwenye maji unayomwaga. Kolamu za kawaida za silika pia huachia zilizo chini ya nyukleotidi 200. Chukua mikrolita 300 za maji ya juu, tia mikrolita 30 za sodiamu asetati mola 3 ya pH 5.2, mikrolita 2 za glikojeni ya miligramu 20 kwa mililita, na mikrolita 900 za ethanoli kamili iliyo baridi. Zilale usiku kucha kwenye nyuzi -20. Zungusha dakika 30.

Osha kwa ethanoli asilimia 80, si 70. Si 70! Maji yakizidi, RNA ndogo zinayeyuka na kuondoka. Kausha dakika 5, yeyusha kwenye mikrolita 30 za maji safi yasiyo na vimeng'enya vya RNA.

Kipimo cha mwanga: uwiano wa 260/230 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa ule wa 230) ukiwa chini sana ya 2, umebeba wanga au fenoli. Lakini namba nzuri haithibitishi kwamba RNA ndogo zimo. Pitisha kwenye jeli ya poliakrilamidi asilimia 15 yenye urea mola 7. tRNA zionekane wazi karibu na nyukleotidi 75; zikififia wakati RNA kubwa zinang'aa, kosa liko kwenye ethanoli yako. DNA bado imo, kwa hiyo tumia DNesi, kimeng'enya kinachokata DNA, kabla ya RT-PCR, kipimo cha kunakili RNA kuwa DNA na kuizidisha. Gawa kwenye tyubu ndogo, hifadhi nyuzi -80.