Slaidi za kuombea mtaji: mwekezaji anasoma nini?

SALUM: Karibuni tena kipindini. Niko na dada Neema, na leo mezani tuna slaidi za msikilizaji wetu anayeuza vipuri vya bodaboda kwa simu. Katuruhusu tuzichambue hewani, ila jina tunalihifadhi.

NEEMA: Naruka tatu za mwanzo, hazina shida. Ya nne inasema: "Afrika ina watu zaidi ya bilioni 1. Tukipata asilimia 1 tu..."

SALUM: Milioni 10! (anacheka) Hiyo asilimia 1 tunaijua.

NEEMA: Mwekezaji naye anaijua, kaiona mara mia. Na muda wenyewe hana. Mwaka 2015 DocSend, kampuni ya kutuma na kufuatilia mafaili mtandaoni, ilipima, ikakuta kwa wastani wawekezaji wanatumia dakika 3 na sekunde 44 kwa faili zima.

SALUM: Ngoja nikubishie. Slaidi za Airbnb, wale wa kukodisha vyumba vya wenyeji mtandaoni, enzi hizo wakijiita AirBed&Breakfast, ziko mtandaoni kila mtu anaziona. Nao waliweka safari bilioni 1.9 za dunia nzima. Si yale yale?

NEEMA: Wangeishia hapo, ningekubali. Lakini kabla ya hiyo bilioni walishaonyesha idadi ya watu waliojiunga na Couchsurfing, mtandao wa wasafiri kulala kwa wenyeji, na matangazo ya vyumba vya muda yaliyowekwa Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, kwa wiki moja ya Julai. Maana yake, watu wanalala kwa wenyeji tayari, hata Airbnb isipokuwepo. Ukishaniaminisha hilo, niletee bilioni yako.

SALUM: Sawa. Huyu wetu afanyeje?

NEEMA: Aanzie kijiweni. Tuseme kijiwe kina pikipiki 40. Dereva anabadilisha oili mara ngapi kwa mwezi? Cheni je, tairi? Ananunua wapi, kwa bei gani, na anapoteza saa ngapi za abiria akizunguka kutafuta? Apige hesabu ya kijiwe kimoja, kisha azidishe kwa vijiwe vya wilaya anayoifikia kweli. Itatoka namba ndogo, lakini akiulizwa kaipata wapi, ana jibu.

SALUM: Namba ndogo si itamfukuza mwekezaji?

NEEMA: Wengine, ndiyo. Kuna wanaotaka soko kubwa tu, na hao hata slaidi zikipendeza vipi watasema hapana. Hao Airbnb wenyewe, Juni 2008, waliunganishwa na wawekezaji 7 wakitafuta dola 150,000 kwa asilimia 10 ya kampuni. Watano wakakataa, wawili hawakujibu kabisa. Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi wa Airbnb, alizianika barua pepe zile mwaka 2015.

SALUM: Asilimia 10 ya Airbnb kwa dola 150,000. Aisee! Aliyekataa analala kweli?

NEEMA: (anacheka) Muulize mwenyewe. Twende slaidi ya mwisho, ndiyo iliyonikera zaidi: "Tunaomba dola 200,000 kwa ajili ya kukuza biashara."

SALUM: Hapo hata mimi nilisimama. Kukuza nini, mpaka wapi?

NEEMA: Tazama walivyoandika wenzake wa Airbnb kwenye slaidi zao: dola 500,000, za miezi 12, ili wafikie miamala 80,000. Wastani wa ada dola 25 kwa muamala, mapato dola milioni 2. Zidisha 25 kwa 80,000 kichwani, inafika. Mwekezaji anajua anakununulia mwaka mmoja, na mwisho wake atakudai nini.

SALUM: Kwa hiyo wetu aseme: hela hizi ni za miezi kadhaa, stoo ngapi, madereva wangapi wawe wananunua kila mwezi.

NEEMA: Na mshahara wake autaje humo humo, asiufiche kwenye "gharama nyinginezo". Watauliza tu.

SALUM: Jingine?

NEEMA: Atume PDF. Hii nimeifungua kwenye simu, maandishi yamepandana na picha ya pikipiki, bei hazisomeki. Arekebishe atutumie tena, tutaipitia.