Nani Mwenye Mvua? Eliya, Baali na Nchi ya Ahabu

Ndugu zangu, ukame wa siku za nabii Eliya, Ahabu alipokuwa mfalme wa Israeli katika karne ya 9 kabla ya Kristo, umezoeleka kuhubiriwa kama muujiza, basi. Mimi nauona ni ugomvi wa umiliki: mvua ni ya nani, na nchi ni ya nani?

Tuanze na shamba. Misri ilikuwa na Nili, mkulima akayaelekeza maji kwenye vitalu vyake. Israeli, asema Kumbukumbu la Torati 11, ni nchi ya vilima na mabonde inayokunywa mvua ya mbinguni. Mvua za kwanza zikichelewa, ardhi ni ngumu na jembe haliingii. Za Machi na Aprili zikikosekana, masuke hayajazi. Kwa hiyo tusimdharau mkulima aliyemwendea Baali, mungu wa Wakanaani. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Na Baali alisifiwa kwa mvua hasa. Mwaka 1928 mkulima mmoja wa pwani ya Syria aligonga kaburi la kale shambani. Mwaka uliofuata wachimbaji wakaanza kuufukua mji wa Ugarit, na humo vibao vya udongo. Vibao vinamwita Baali mpanda mawingu. Mauti, mungu wa kifo, anammeza, nchi inakauka. Kisha mungu mzee, El, anaota ndoto: mbingu zanyesha mafuta, mabonde yatiririka asali. Ndipo anapojua kwamba Baali yu hai.

Sasa fungueni 1 Wafalme 17. Eliya anatangaza kwamba hakutakuwa na umande wala mvua ila kwa neno lake, halafu anatumwa Sarepta, nchi ya Wasidoni, kwao Yezebeli mke wa Ahabu, nyumbani kwa Baali kabisa. Langoni anamkuta mjane akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, wale kisha wafe. Unga wake hauishi. Mafuta yake hayapungui. Mafuta, ndugu zangu! Mbingu za Baali zimefungwa, na mafuta yanatoka kwenye chupa ya mwanamke maskini ambaye hata si Mwisraeli. Sidai kwamba msimulizi aliviona vibao vile. Ugarit ulikuwa umeteketea miaka mingi kabla. Lakini alijua barabara anajibishana na nani.

Wakati huohuo mfalme yuko wapi? Sura ya 18: Ahabu anazunguka kutafuta majani ya farasi na nyumbu.

Karmeli mnaijua, mlima ambapo Eliya alishindana na manabii 450 wa Baali: mitungi minne ya maji ikimwagwa mara tatu juu ya sadaka, moto wa Bwana ukashuka, kisha wingu dogo kama mkono wa mtu likitoka baharini. Wengi huishia hapo, na mimi inaniuma, kwa sababu sura ya 19 yakataa tusimgeuze Mungu wa Israeli kuwa Baali mwenye nguvu zaidi. Kule Horebu, mlima wa Mungu, mbele ya Eliya unapita upepo wa kupasua miamba, tetemeko, moto, na Bwana hayumo.

Sasa endeleeni mpaka sura ya 21. Mvua imenyesha, mashamba yana thamani tena, na Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli anapanga mashahidi wa uongo, Nabothi anapigwa mawe. Mfalme anashuka kulichukua shamba. Na anayetumwa kumkabili mlemle shambani ni nani? Ni Eliya yuleyule wa mvua, na safari hii hana moto wala wingu, ana swali tu: umeua, na sasa umerithi?

Ahabu akamwambia: umenipata, ewe adui yangu?