Ufunguo wa Stoo na Shuka la Plastiki

MWENDE: Haya, karibuni tena. Tuko Ngara, ghorofa ya tatu, na mkisikia honi ni matatu za Githurai zinagombania abiria hapo chini. Hatuna la kufanya. Mimi ni Sista Mwende, mkunga. Mwenzangu ni Mwalimu Ochieng', anayewafundisha takwimu wauguzi wasiotaka kusoma takwimu.

OCHIENG': Ukiwemo wewe.

MWENDE: Mimi nilipita!

OCHIENG': Kwa alama 52.

MWENDE: Kupita ni kupita. Sasa Mwalimu, nimekuja na leso na chupa ya maji ya nusu lita. Maji nimeyatia rangi nyekundu ya keki. Tandaza hapo mezani. Namwaga... namwaga... chupa tupu. Umeona?

OCHIENG': Leso imekunywa yote! Mezani hakuna kitu.

MWENDE: Kama hukuiona chupa, ungesema nimemwaga kiasi gani?

OCHIENG': Kikombe cha chai. Sana sana kimoja na nusu.

MWENDE: Basi ndivyo tunavyofanya leba. Mama akishajifungua kawaida, mililita 500 ndizo tunaziita kuvuja damu kupita kiasi. Na miaka yote hii tumekuwa tukizipima kwa jicho, juu ya leso, shuka na pedi zinazonywa kama hivyo. Unaandika "300" kwenye faili, na dakika ishirini baadaye mama anakwambia anaona giza.

OCHIENG': Hapo ndipo utafiti wetu wa leo unapoingilia. Unaitwa E-MOTIVE, ulitoka Mei 2023. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 210,000. Wewe uliujulia wapi?

MWENDE: Kwenye grupu la WhatsApp la wakunga. Ujumbe wenyewe: "Shuka la plastiki lapunguza kuvuja damu kwa asilimia 60. Tununue!" Ni lile shuka lenye mfuko, linalowekwa chini ya mama likinge damu. Na vidole gumba arobaini chini ya ujumbe.

OCHIENG': Sentensi moja, na ina makosa mawili. Tuanze na hiyo 60. Kwenye hospitali zilizoendelea na mambo yao ya kawaida, mama 4.3 katika kila 100 walipata madhara makubwa. Kwenye zile zilizobadilisha utaratibu, 1.6. Ukigawanya, ni kweli, imepungua kwa kama asilimia 60. Lakini ukitoa, tofauti ni 2.7 katika 100. Yaani uwahudumie akina mama kama 37 kwa utaratibu mpya ndipo umwokoe mmoja na madhara hayo.

MWENDE: Ukiniambia 37 naona kama ni kidogo.

OCHIENG': Kwenu mnazalisha wangapi kwa mwezi?

MWENDE: Tuseme 300 wa kawaida, bila wa upasuaji.

OCHIENG': Basi kama mko kwenye hiyo 4.3, ni akina mama 13 kwa mwezi. Mkishuka hadi 1.6, ni watano. Wanane kila mwezi.

MWENDE: Wanane! Sasa hiyo naielewa. Wanane ni wodi nzima ya usiku.

OCHIENG': Lakini uliza: madhara gani? Walijumlisha mambo matatu: kuvuja lita moja au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, na kufa kwa kuvuja damu. Kilichoshuka hasa ni hilo la kwanza. Vifo vilikuwa vichache kila upande, hata vikitazamwa peke yake huwezi kuapa kwamba vimepungua. Kwa hiyo ukisimama mbele ya bosi wako usiseme "hii inapunguza vifo kwa asilimia 60." Akikuuliza swali moja tu, umekwisha.

MWENDE: Na walijuaje kiasi cha damu kule kwenye hospitali za kawaida, kama wao nao walipima kwa jicho?

OCHIENG': Ona sasa, 52 yako imeanza kuzaa matunda. Pande zote mbili damu ilikusanywa kwenye mfuko wa shuka hilo na kupimwa kwa mizani. Tofauti ni kwamba upande mmoja mfuko ulikuwa na mistari ya vipimo, mkunga anaona papo hapo imefika wapi. Upande wa pili haukuwa na mistari. Na kura ya nani apate utaratibu mpya hawakuipiga kwa mama mmoja mmoja, waliipiga kwa hospitali nzima. Maana huwezi kumwambia mkunga kitanda cha kwanza ajue, kitanda cha pili ajifanye hajui.

MWENDE: Hilo haliwezekani, bana.

OCHIENG': Kosa la pili sasa, na hili ndilo linalonikera. "Shuka la plastiki lapunguza." Si shuka! Ni shuka pamoja na mambo matano yanayofanywa kwa mkupuo. Yataje.

MWENDE: Kusugua mji wa mimba ukaze. Oksitosini, dawa ya kuukaza zaidi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande. Dripu. Halafu la tano, kumchunguza mama damu inatoka wapi, na kuita wakubwa ikikushinda. Zamani tulikuwa tunafanya moja, tunangoja, tunafanya jingine, tunangoja. Sasa yote kwa pamoja. Drepu, sisi shuka hilo tunaliita drepu, inakwambia lini uanze: ikifika 500, au 300 na mama ana dalili mbaya, kama mapigo yanakimbia au presha inashuka.

OCHIENG': Sasa sikia. Kabla ya huu, mwaka 2010, ulichapishwa utafiti wa nchi 13 za Ulaya. Wao waliweka mfuko wa kupimia damu peke yake. Haukupunguza visa vikali.

MWENDE: Haukupunguza kabisa?

OCHIENG': Tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Mfuko unakuonyesha damu. Hauizuii.

MWENDE: Hapo umenikumbusha jambo, na hospitali siitaji. Tuliletewa drepu, boksi kadhaa. Furaha kubwa, picha zikapigwa, kukawa na kikao cha asubuhi cha saa nzima na mandazi. Miezi mitatu baadaye nikafungua rejista kutafuta vipimo. Mchana, vimeandikwa. Usiku, hakuna. Kurasa na kurasa, "wastani", "kawaida", "wastani". Nikawakasirikia watu wa usiku, nikasema ni wavivu.

OCHIENG': Kumbe?

MWENDE: Kumbe boksi ziko stoo, na msimamizi wa stoo akitoka saa kumi na moja jioni anakwenda na ufunguo wake hadi Kayole! Hata si kosa lake, drepu zilipokelewa kama vifaa vya thamani. Na hiyo traneksamiki ilikuwa duka la dawa, ng'ambo ya uwanja. Usiku wa mvua unamtuma mwanafunzi akimbie.

OCHIENG': Dawa ambayo inatakiwa itolewe ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue.

MWENDE: Ndani ya saa tatu, na kila dakika unayochelewa inapungua nguvu.

OCHIENG': Kwa hiyo leo ungepewa upya, ungeanzia wapi?

MWENDE: Nisingeanzia kwenye kikao cha mandazi. Ningekaa zamu mbili za usiku na daftari. Ipo wapi oksitosini? Inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8, je friji ya leba inafanya kazi stima ikipotea? Nani anaitwa saa nane usiku, na anapokea simu? Na yule mama wa usafi, hakuna anayemuuliza, lakini yeye ndiye anayejua plastiki iliyotumika inatupwa wapi. Asipoambiwa, siku ya tatu atalalamika, na atakuwa na haki.

OCHIENG': Na uhesabu kabla hujabadilisha chochote. Hata wale wa E-MOTIVE walianza na miezi saba ya kuangalia tu. Wewe hata wiki nne zinatosha, vitu viwili: drepu imewekwa? Kipimo kimeandikwa kila dakika 15 kwa saa ya kwanza?

MWENDE: Nikianza kupima sawasawa, si visa vitapanda? Bosi ataona tunavujisha damu kuliko zamani.

OCHIENG': Vitapanda, na umwambie mapema. Kwenye huo utafiti, hospitali za kawaida zilikuwa zinagundua karibu nusu tu ya visa. Zenye utaratibu mpya, asilimia 93. Visa vilikuwepo siku zote, Sista. Vilikuwa kwenye leso.

MWENDE: Kuna msikilizaji ametuandikia, yuko zahanati huko Kitengela, anauliza kama na wao waanze.

OCHIENG': Mambo matano yenyewe ni mazuri popote. Ila utafiti ulifanywa kwenye hospitali zenye uwezo wa upasuaji, kwa waliojifungua kawaida. Yeye asiahidi matokeo yaleyale. Swali lake la kwanza liwe gari: damu isipokoma, nani anampeleka mama, na kwa gari gani?

MWENDE: Saa tisa usiku, Namanga Road.

OCHIENG': Hapo hapo. Na ule ufunguo wenu, mwishowe ukawaje?

MWENDE: Tukabishana wiki mbili. Sasa drepu kumi zinashinda kwenye troli, na ufunguo wa kabati la leba uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari nimeugonga mimi mwenyewe, kwa kisigino cha kiatu.